Jibu: Chai ya viungo na boga, sukari kidogo

Dada, umeuliza kuhusu ile chai ya viungo na boga ya mikahawa ya Marekani msimu wa majani kupukutika: ndiyo, unaweza kuipika nyumbani bila sukari nyingi. Sukari yao nyingi iko kwenye sharubati, yaani maji mazito ya sukari wanayotia kwenye chai, kwa hiyo sharubati hiyo iache kabisa. Chemsha kikombe 1 cha maji na kijiti cha mdalasini, iliki 4 zilizopondwa, karafuu 2 na tangawizi, moto mdogo, dakika 10. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa huyakata, ndiyo maana inatangulia kuchemka. Tia majani ya chai, kisha maziwa kikombe 1 na kijiko cha boga lililopondwa. Chuja. Onja kabla hujagusa sukari, maana iliki na mdalasini vinatosha sana. Kungumanga kwaruza juu, kidogo tu.