Mnataka sarafu ya chama? Anzeni na mwenye duka

Juzi dada mmoja wa Kisauni kaniandikia. Chama chao kina watu 30, wamechoka kukopeshana kwa daftari, sasa wanataka sarafu yao wenyewe ya kwenye simu. Anauliza waanze na programu gani. Nimelitazama swali hilo kwa muda, maana ndilo nililoanza nalo mimi, na lilinigharimu urafiki wa miaka tisa.

Sarafu ya jamii, yaani vocha ambazo watu wa mtaa wanakubaliana kulipana wenyewe kwa wenyewe badala ya shilingi, naiamini, na nitaendelea kuiamini. Mimi ni fundi cherehani. Kila Januari naona mtaa mzima una bidhaa na una kazi, ila shilingi hakuna. Mama wa mahamri ana mahamri, mimi nina sare za kushona, wa mkokoteni ana maji, na wote tumekaa tunatazamana. Bangla-Pesa, sarafu ya namna hiyo, ilizaliwa kwa shida hiyo hiyo Mei 2013, mtaa wa Bangladesh, hapa hapa Mombasa: vocha za karatasi, wafanyabiashara wadogo wakidhaminiana, moja kwa shilingi moja. Mwezi ule ule Will Ruddick, aliyeuanzisha mpango huo, akakamatwa pamoja na wenzake. Agosti mashtaka yakafutwa, Novemba vocha zikarudi mtaani. Baadaye mpango huo, kwa jina la Sarafu, ukahamia kwenye simu, hata simu ndogo ya kabambe isiyo na intaneti ilitosha. Watu walipigania kitu hiki.

Sisi tulianza 2021, watu 26, kila mmoja sarafu 500. Nilishona sketi mbili za shule nikalipwa sarafu, nikanywa chai kwa mahamri karibu mwezi mzima bila kugusa shilingi. Nilijisifu kila nilikopita, na nilikuwa na haki ya kujisifu.

Kumbe sarafu zote zilikuwa zinateremkia mahali pamoja: dukani. Sote twala unga, sote twanunua sukari. Lakini mwenye duka akienda Kongowea kununua kwa jumla, huko wanataka shilingi. Jioni moja akanigeuzia simu yake niione: 7,340. Kati ya sarafu 13,000 tulizotoa, zaidi ya nusu zilikuwa zimelala kwake. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Fundi, hizi nizipeleke wapi?"

Nikamwambia avumilie. Asubuhi yake nikakuta kipande cha katoni mlangoni pa duka, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: LEO SARAFU HAPANA. Haikupita wiki, hata wa maji akazikataa. Na mimi, badala ya kumwelewa mwenye duka, rafiki yangu, nikasimama kikaoni nikamwita mchoyo mbele ya watu. Mpaka leo twasalimiana kwa kutikisa kichwa. Wapo pia waliosema nimekula pesa za chama, na pesa za kula hazikuwapo. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo dada, programu iwe ya mwisho. Kaa na kila mwanachama umuulize atanunua nini kwa wenzake mwezi huu. Usimuulize atauza nini, cha kuuza kila mtu anacho. Waduruma wa Kinango wana mwerya tangu kabla ya simu: leo twalima kwako, kesho kwangu, na hakuna anayeshika jembe bila kujua kesho ni shamba la nani. Nyinyi mnataka kugawa sarafu kabla ya kujua hilo? Acheni haraka, na acheni kupenda simu kuliko jirani.

Tulipoanza upya, kwa duka jingine, tulikubaliana apokee nusu sarafu, nusu shilingi. Zikifika 1,000 kwenye simu yake anasimama mpaka azitumie: maji, nguo za watoto, mwalimu wa tuisheni, kijana wa kumpakulia mizigo. Mwenye duka huyo yuko nasi hadi leo.

Niletee majina yenu 30, na kila jina vitu vitatu atakavyonunua ndani ya chama. La mwenye duka liwe na vitano.