Nyama choma ya mbuzi Nairobi: nenda Kenyatta Market au Burma

Ndugu, umeuliza pa kula choma nzuri Nairobi mkiwa wawili, bila bei za hoteli. Anzieni Kenyatta Market, karibu na Barabara ya Mbagathi. Burma, kule Jogoo Road, pia ni pazuri, ila kuna msongamano zaidi.

Usiagize ukiwa umeketi. Simama pale buchani, chagua kipande mwenyewe, kipimwe ukitazama. Kilo moja ya nyama mbichi yawatosha, maana mifupa imo na moto hupunguza uzito. Omba mbavu pamoja na mkono. Mguu wa nyuma una mnofu mwingi lakini mafuta ni haba, kwa hiyo hukauka upesi.

Mwambie mchomaji asiichemshe kwanza na asiharakishe. Yataka makaa yaliyotulia, kama saa nzima hivi. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikapanda, nje huungua huku mfupani kungali na damu. Hapo mwombe aisogeze kando. Ikikatwa ubaoni, tazama kwanza pale kwenye kiungo. Ikiwa bado nyekundu, irudishe motoni kabla hajamaliza kuikatakata. Chumvi iwekwe pembeni, na kachumbari ikatwe wakati huohuo.