Mjukuu wangu wa Uingereza kapelekwa jina, atafungwa?

SUALI: Asalaam aleykum. Mwanangu wa kike yuko Birmingham, juzi usiku kanitumia voisi analia mpaka maneno hayaeleweki. Mwanawe wa miaka 13 kaonesha wenzake skuli video za vita kwenye simu, akasema "watatukoma", basi mwalimu kapeleka jina lake kwenye kitu kinaitwa Prevent. Sasa simu ya halmashauri ikilia hapokei. Na mie huku nawaza jela tu.
Bibi, Wete

JIBU: Waaleykum salaam bi mkubwa. Kunywa maji kwanza, kupelekwa jina si kushtakiwa. Prevent ni sera ya serikali kuu ya huko ya kuzuia watu wasivutwe kwenye ugaidi, ila wanaoifanyia kazi ni watu wa mtaani, toka 2015 sheria imezibana skuli, hospitali na halmashauri, kwa hiyo mwalimu akiingiwa na wasiwasi anapeleka jina, na wengine nahisi wanapeleka tu ili kesho wasilaumiwe. Mwaka ulioishia Machi 2023 England na Wales yalipelekwa majina 6,817, waliochukuliwa kusaidiwa ni 645. Hesabu mwenyewe.

Sikufichi, polisi wamo, wao ndo wanachuja mwanzo. Anayebaki anajadiliwa kwenye kikao kinaitwa Channel, mwenyekiti mtu wa halmashauri, na huo msaada kwa mtoto mpaka mzazi akubali. Akikataa si kosa.

Sasa mwambie bintiyo apokee simu! Yule wa halmashauri hamjui mtoto, anayo karatasi tu, asipoambiwa, tuseme, kuwa kijana anashinda kwenye mpira na video kaitoa kwenye grupu la wenzake, atajijazia mwenyewe. Hivi hapo kwenu sheha akija kukuulizia mjukuu ukajifungia ndani, si atakwenda kwa jirani? Na angalau sheha wako anamjua mpaka babu yake.

Aende na mtu, kama Kiingereza kinampiga chenga aombe mkalimani, asije akamgeuza mtoto ndo mkalimani (nishawaona wanaofanya hivyo, balaa). Aulize nani kaandika, kaandika nini hasa, na hilo jina litawekwa muda gani. Majibu atake kwa maandishi.

Na wewe mpigie mjukuu mwenyewe, sio mama yake. Muulize ile video kamtumia nani. Usianze kwa kugomba, utamkosa.