Jibu: Viinitete vya chura kufa mwanzoni mwa gastrula

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba viinitete vyako vya Xenopus laevis vilipatwa na joto kali saa chache baada ya kutungishwa, vikaendelea kugawanyika kama kawaida, kisha vikafa karibu vyote gastrula (hatua ambapo seli huanza kuingia ndani na kujipanga katika tabaka za mwili) ilipoanza, na sasa unatafuta kasoro katika maji ya saa hizo za mwisho. Mimi ningeangalia nyuma zaidi.

Katika migawanyiko 12 ya mwanzo, ambayo baada ya ule wa kwanza huchukua takriban dakika 30 kila mmoja kwenye nyuzi 23, kiinitete hutegemea protini na RNA ambazo mama aliziweka ndani ya yai, huku jeni zake zenyewe zikiwa karibu kimya, hivyo hakiwezi kuwasha jeni za kukabiliana na joto wala kusimama ili kurekebisha DNA iliyoharibika. Kugawanyika vizuri wakati huo si dalili ya afya, na hili huwapotosha wengi. Kiinitete kikishapita blastula ya kati (hatua ambapo jeni zake zenyewe huanza kufanya kazi), kikiwa na seli kama 4,000, seli zilizoumia huweza kujiua, na vifo huonekana gastrula inapoanza.

Gawa mayai ya jike mmoja, yaliyotungishwa pamoja, katika mafungu matatu: moja lisiguswe, la pili lipate joto hilohilo kabla ya blastula ya kati, la tatu baada yake. Likifa la pili peke yake, tatizo ni wakati wa joto. Likifa hata lile lisiloguswa, ndipo ukague klorini na msongamano. Mimi huondoa mapema mayai yasiyogawanyika, kwa sababu yakioza huchafua maji ya mengine.