Re: Seli moja yajuaje nimeinama ama nimesukumwa?

Ndugu yangu umeuliza seli moja ya neva yajuaje kama ni kichwa kimeinama ama ni feri ya Likoni ndo imeng'oa. Swali zuri sana hilo. Kila sikio ndani lina mifereji 3 ya kupima mzunguko na vifuko 2 vyenye vijiwe vya chokaa, na vile vijiwe, ukiinama ama ukisukumwa, vyateleza vilevile tu, havitofautishi. Sasa kwa shina la ubongo na serebelamu (ule ubongo mdogo wa nyuma) kuna seli zapokea habari zote mbili, ya mifereji na ya vijiwe, mfereji ukisema kichwa kimezunguka basi ile sehemu ya kuinama yatolewa kwa habari ya vijiwe, inayobaki ndo mwendo. Sinapsi (pale seli moja yapitisha habari kwa nyengine) zengine zaichochea seli, zengine zaizuia, hapo ndo hesabu yenyewe!