Maswali ya Wasomaji: Mashairi ya Mpira wa Kikapu kwa Watoto

SWALI: Mhariri, natunga kijitabu cha mashairi ya mpira wa kikapu kwa wanafunzi wangu wa darasa la nne. Nimetumia tarbia, yaani beti za mistari (mishororo) minne, kila mmoja wa mizani (silabi) 16, lakini watoto wakisoma kwa sauti mchezo unapoa. Nifanyeje?
*Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Mwalimu, mshororo wako ni mrefu mno. Mizani 16 hufaa hoja na mawaidha. Mchezaji anayekimbilia goli hawezi kungoja ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, uishe ndipo utao, nusu ya pili, uanze. Hamia kwenye utenzi: mishororo minne ya mizani 8, mitatu ya kwanza ikiwa na kina (silabi ya mwisho) kimoja, na wa nne ukibeba kina kinachorudi katika kila ubeti. Mfano:

Mpira chini wadunda
Kijana mbele akenda
Kwa kasi juu apanda
Kikapuni autia

Soma kwa sauti huku ukigonga meza kila penye mkazo. Mishororo mitatu ya kwanza ina mapigo matatu matatu, tena mahali pale pale: mizani ya pili, ya nne na ya saba. Ndiyo midundo ya mpira sakafuni. Wa nne una mapigo mawili tu, kwa kuwa maneno yake ni marefu. Hapo mpira uko hewani. Basi usitosheke na hesabu ya mizani. Angalia pia mkazo unaangukia wapi, maana mishororo miwili inaweza kuwa na mizani 8 kila mmoja na bado ikakwaruzana.

Na hesabu yenyewe ina mtego. "Mchezaji aruka juu" wengi huupa mizani 8, kumbe ni 9: *m* ya mwanzo ina mizani yake, na "juu" ni mizani mbili. Andika "Mchezaji yuko juu". Kinyume chake, "mbele" ni mizani mbili tu, si tatu. Maneno ya uwanjani yahesabu yanavyotamkwa: "ribaundi", yaani mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu, ni mizani nne.

SWALI: Mimi ni mchoraji. Mchapishaji amerudisha picha zangu akisema mpira unaonekana umekwama na mchezo hauendi. Nirekebishe nini?
*Mchoraji, Mwanza*

JIBU: Anza na ringi, lile duara la chuma la kikapu. Kwa ndani ina upana wa sentimita 45, na mpira wa wanaume, yaani namba 7, una kipenyo cha takriban sentimita 24. Karibu mipira miwili ingepita kwa pamoja! Wachoraji wengi huchora ringi inayolingana na mpira, kwa hiyo jicho linaona kizibo kwenye chupa. Watoto hutumia namba 5, ambao ni mdogo zaidi, wa kama sentimita 22.

Kimo nacho huharibika mara nyingi. Ringi ya kawaida iko mita 3.05 kutoka sakafuni. Ya mchezo wa watoto ni mita 2.60. Mtoto wa mita 1.35 akichorwa akiishika kwa kuruka kidogo, wasomaji wenyewe watacheka, kwani wanaijua. Mkono unaodunda usiupige mpira kwa kiganja: vidole vimetanuka, kiwiko kimekunjwa, mpira hauzidi kiuno.

Kuhusu mwendo, usichore kile ambacho ubeti umeshasema. Mshororo ukisema "apanda", kama katika mfano niliompa mwalimu hapo juu, picha ionyeshe beki aliyebaki chini, au viatu vikiacha sakafu. Mpira utoke mkononi kwenye ukurasa wa kulia. Mshororo wa nne na wavu uliotikisika viwe nyuma yake, ili mtoto afunue ukurasa kwa hamu. Katikati ya kurasa mbili, penye mkunjo, usiweke uso wala mpira, vitamezwa.

Kisha mambo ya kiwandani. Kijitabu cha kushonwa kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, 24 zinatosha. Picha zitoke nje ya mpaka wa ukurasa kwa milimita 3, zisije zikaachwa na ukingo mweupe baada ya kukatwa. Rangi ya machungwa inayong'aa kwenye kompyuta hufifia ikichapwa kwa wino nne, hivyo omba karatasi ya majaribio kabla ya kuidhinisha kazi. Maandishi yawe ya ukubwa wa pointi 16 hadi 18, juu ya sehemu tupu ya picha, kamwe si juu ya umati wa watazamaji.

SWALI: Ni kweli vikapu vya kwanza vilikuwa na kitako? Mwanangu anataka kutunga ubeti kuhusu hilo.
*Mzazi, Mombasa*

JIBU: Kweli kabisa. Desemba 1891, huko Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alitundika vikapu vya matunda ya pichi. Mpira ukiingia, mtu alilazimika kuufuata juu kwa ngazi. Mpe mwanao hiyo ngazi kwenye mshororo wa nne, na picha imwonyeshe aliyeipanda. Wachezaji walikuwa tisa kila upande, wote wakimsubiri.