Insha 280 na ChatGPT: alama usiiachie

Pole na mzigo, mwalimu. Unauliza kama ChatGPT inaweza kukusahihishia insha 280 za mwaka wa kwanza kabla ya Ijumaa. Ijaribu kwanza: sahihisha insha 15 mwenyewe, kisha ipe hizohizo pamoja na mwongozo wako wa usahihishaji. Halafu rudia insha moja mara tatu, kila mara kwenye mazungumzo mapya. Mimi nilipata 14, 17 na 12 kati ya 20, kwa insha ileile! Nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai. Tena ChatGPT hulewa lugha laini, hata hoja ikiwa tupu.

Kazi inayoifaa ni kunyoosha maoni yako uliyoandika harakaharaka yasomeke vizuri. Hata hapo, ondoa majina na namba za usajili. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, na inampa mwanafunzi haki ya kukataa uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Akikata rufaa, utamjibu nini?

Kuhusu Ijumaa, muombe mkuu wa idara siku tatu zaidi, na umuombe leo, siyo Alhamisi usiku.